Pumzi Kabla ya Mwendo

Kila asubuhi Kingi alilitoa gari lake pale pale, kwenye kiwanja kidogo cha mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, ambapo wenye magari huegesha kwa kubanana, akalipitisha vichochoroni taratibu huku akiwaambia wanawake waliobeba mikate ya mofa "Samahani, mama, samahani," mpaka akatokea Ndia Kuu. Hapo njia hunyooka kidogo kuelekea Ngome ya Yesu, na hapo dereva yeyote hukanyaga mafuta. Kingi alikanyaga. Gari halikwenda.

Halikuzima wala halikukohoa. Injini iliendelea kunguruma, lakini gari likaduwaa, kama mtu aliyeitwa akasema naja. Halafu, baada ya muda wa kuvuta pumzi moja ndefu, likaondoka kwa nguvu zake zote. Masufuria yakagongana huko nyuma, na mwenye tuktuk aliyekuwa akipiga honi akaachwa na tusi lake mdomoni.

Lilikuwa gari jeupe la dizeli, la mizigo, lenye viti viwili mbele na nafasi nyuma ya kutosha masufuria makubwa ya biriani. Mejumaa, mkewe Kingi, alikuwa mpishi wa arusi, na nusu ya watu waliooana Mji wa Kale waliolewa na kuoa kwa biriani yake. Kingi mwenyewe alikuwa karani bandarini, mtu wa Rabai aliyekuja mjini kwa kazi, akampenda Mejumaa, akasilimu, akakaa. Gari walilinunua kwa ajili ya masufuria. Lilinuka iliki na samli, na hata ulisugue kwa sabuni gani, harufu ile haikutoka.

Kuduwaa kulianza baada ya arubaini ya Mejumaa.

Jinsi alivyokufa si siri, Kuze nzima yajua. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Ijumaa moja alasiri alibanwa akiwa jikoni, inhela haikusaidia, Kingi akampakia kiti cha mbele na kukimbia naye. Walipofika mbele ya Ngome, askari alikuwa amesimama katikati ya barabara, mkono juu. Mkubwa fulani kutoka Nairobi alikuwa njiani. Kingi alishusha kioo akasema, "Afande, mke wangu hapati pumzi." Askari aliinama akamtazama Mejumaa, akaona ni kweli hapati, akasema, "Pole, mzee. Ngoja kidogo tu, mkubwa anapita."

Mkubwa hakupita haraka. Zilipita pikipiki za ving'ora, kisha magari meusi, kisha ikaja nafasi tupu, ndefu, barabara yote nyeupe bila hata paka, na askari mkono wake bado uko juu. Kisha magari meusi mengine. Mejumaa alimshika mumewe mkono, akasema, "Kanyaga, Baba Mwanatumu," na Kingi hakuwa na pa kukanyagia. Mkono wa askari uliposhuka, Kingi alikanyaga, na siku ile gari halikuduwaa hata kidogo. Liliruka. Lilifika hospitali na mtu aliyekwisha kufa.

Basi kuhusu kuduwaa kule, kila mtu alikuwa fundi. Mmoja alisema ni dizeli chafu. Mwingine akasema ni kichujio. Shemeji yake Kingi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema ni gea. Kingi aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akalipeleka gari kwa Kyalo.

Kyalo alikuwa na gereji Kibarani, kando ya maji, pale palipokuwa jaa la taka la mji kabla halijafukiwa na kupandwa nyasi. Alikuwa Mkamba aliyeteremka pwani kwa kazi ya reli, reli ikamchosha, akabaki na spana. Ukichimba kidogo kwenye gereji yake bado utatoa kiatu cha mtu au kijiko. Kyalo huviosha na kuviweka kwenye rafu, wenyewe wakija wavikute.

"Sabalkheri, mzee Kingi. Linasumbua vipi?"

"Sabalkheri. Ukilikanyaga, laduwaa."

"Linaduwaa, halafu linaruka?"

"Laduwaa, kisha laruka."

"Hiyo ni tabo," akasema Kyalo, akafungua boneti.

Tabo ni kile kidude cha chuma chenye umbo la konokono. Moshi unaotoka kwenye injini hukizungusha, nacho kikizunguka husukuma hewa nyingi ndani, na hewa ndiyo inayoipa dizeli nguvu. Kikikosa hewa, au hewa ikivujia njiani, mtu hukanyaga na gari humwambia ngoja. Mambo haya Kyalo aliyaeleza kila mara kwa kila mteja, hata aliyekwisha kuyasikia, maana aliamini mtu hulipa kwa moyo mkunjufu akifahamu.

Alianza mwanzo. Alitoa kichujio cha hewa, akakipigapiga kwenye goti, kikawa safi. Alishika kila klipu ya kila paipu akaitikisa. Alipaka maji ya sabuni kwenye maungio yote, akamwambia Kingi akanyage, wakatazama kama pataota povu. Halikuota. Alitazama kile kifimbo kinachofungua na kufunga mlango wa moshi, kikaenda na kurudi bila kukwama. Alitia kidole ndani ya konokono, akazungusha, kidude kikazunguka vizuri wala hakikuchezacheza. Wakaenda kulijaribu kwenye barabara ya Makupa, Kyalo usukani. Likaduwaa, likaruka. Akalirudisha gereji, akaenda kuleta chetezo.

Gereji kubwa za mjini zina mashine ya moshi. Kyalo alikuwa na chetezo, alichoazimwa na mama mwenye nyumba wake wa zamani na ambacho mama huyo mpaka leo hukiulizia. Alikuwa mtu wa kwaya, Mkristo wa kukesha, lakini gereji yake ilinukia kama nyumba ya maulidi, maana aliwasha makaa, akatia ubani, akausukuma moshi kwa pampu ya baiskeli ndani ya njia ya hewa. Ubani una moshi mzito, mweupe. Penye tundu, hata la sindano, utauona ukichungulia. Njia hiyo ilikuwa yake mwenyewe na hakuwahi kukosea nayo.

Siku hiyo ubani ulikuwa umekwisha. Kingi alifungua kidashi mbele ya kiti cha abiria, akatoa kikopo cha udi. Mejumaa aliuchanganya mwenyewe, kwa sandali na marashi na sukari kidogo, akauweka garini ili ajifukize akishapakua, asiingie arusini akinuka vitunguu. "Tia huu," akasema Kingi. Hapo ndipo walipokosea, kama ni kosa. Bibi yeyote wa Kuze angewaambia kwamba udi wa marehemu, uliochanganywa kwa mkono wake, haufukizwi kwenye chombo alichokisafiria, ila kama wataka aitike. Lakini mmoja alikuwa Mkamba na mwingine Mrabai, na hapakuwa na bibi karibu.

Kyalo alipampu. Moshi uliingia, wala haukutoka popote. Alizunguka gari lote, akainama, akalala chini, akaangalia. Hakuna. Kisha akaacha kupampu, na moshi ukaendelea kuingia.

"Injini imezimwa?" akauliza.

"Imezimwa. Ufunguo huu hapa."

Walisimama wakitazama. Moshi uliinuka kutoka kwenye chetezo, ukapinda, ukaingia mdomoni mwa paipu kwa mkupuo mmoja mrefu. Ukatulia. Ukaingia tena. Kyalo alichukua kile kipande cha mpira anachosikilizia injini, upande mmoja akauweka sikioni, mwingine kwenye paipu ya hewa, ile ya mpira mweusi iliyo kabla ya tabo. Akasikiliza, uso wake kama wa mtu anayesikiliza habari ya mafuriko ya mbali.

"Kuna mtu anavuta pumzi hapa," akasema.

Kingi akauchukua ule mpira akasikiliza na yeye. Ilikuwa pumzi ya kujivuta, na mwishoni, juu kabisa, palikuwa na kimluzi chembamba. Miaka yote ya ndoa yake alilala na kimluzi kile ubavuni. Alikijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Ni Mama Mwanatumu," akasema. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Basi ndiyo hiyo," akasema Kyalo. "Ukikanyaga, yeye anavuta kwanza. Injini inapata inayobaki."

"Na akishavuta, yuwaitoa wapi?"

"Haitoi. Nimetazama kote. Anavuta tu, anaweka." Kyalo alijifuta mikono kwa kitambaa. "Mimi nilidhani ni klipu."

Walikunywa chai wamekaa juu ya tairi. Kisha Kyalo, kwa kuwa ni fundi na gari lilikuwa limeletwa litengenezwe, alisema kwamba dawa ipo. Angeitoa ile paipu ya mpira, atie ya chuma, fupi, iliyonyooka, isiyo na pa mtu kukaa. Gari litakuwa jipya. "Lakini yeye atakosa hewa," akasema. "Sikufichi."

"Alishaikosa mara moja," akasema Kingi. "Niache niende nalo hivyo hivyo."

Tangu hapo Kingi aliendesha kwa namna nyingine. Alikanyaga polepole, maana aligundua kwamba ukikanyaga kwa pupa yule mama huvuta kwa pupa na kimluzi huzidi. Alichagua njia zenye upepo. Akitoka kazini bandarini hakwenda nyumbani moja kwa moja, alizunguka barabara ya Mama Ngina kwenye hewa ya bahari, akakanyaga, akaachia, akakanyaga, akaachia. Baada ya alasiri aliketi garini pale kiwanjani na kulipigisha injini bila kwenda popote. Majirani walilalamika juu ya moshi. Walipoelezwa sababu waliacha kulalamika, wakaanua tu nguo zao mapema. Muuza kahawa akipita alimmiminia kikombe dirishani na kumuuliza, "Mejumaa hajambo leo?" na Kingi akajibu, "Hajambo, alhamdulillahi, leo kifua chepesi."

Alikuwa na furaha. Alikuwa na uchungu pia, uchungu wa kumsikia mtu na kutomwona, na vitu hivyo viwili vilimkaa kifuani bila kupatana.

Aliyetaabika ni Mwanatumu, binti yao pekee. Yeye ndiye aliyerithi masufuria, na miko, na wateja, na kutoka kwa mamake alirithi pia kifua. Alikuwa msichana wa maneno mepesi na mikono ya kazi, asiyeweza kupita mahali bila kutania.

"Mama hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa kuchelewa," alimwambia babake siku biriani ilipofika Kibokoni wageni wameshaanza kutazamana. "Saa nzima kwenye kioo. Sasa amekufa, bado yuwatuchelewesha."

Kingi alicheka mpaka akalia, na hakujua kicheko kiliishia wapi.

Mwanatumu mwenyewe alizoea. Akiwa kiti cha mbele, wakifika penye mlima, alikigonga kidashi kwa vidole. "Mama, tafadhali, vuta kidogo tu hapa, nyuma kuna lori." Wakati mwingine Mejumaa alisikia. Wakati mwingine hakusikia, na lori likapiga honi.

Kisha mvua za masika zilikuja, kuta za Kuze zikaota kuvu, na kifua cha Mwanatumu kikaanza. Mchana mmoja walikuwa wakipakia masufuria. Alishika sufuria upande wake, akaiweka chini, akashika ukuta. Kingi akakisikia kile kimluzi. Kwa mazoea aligeuka kulitazama gari, lakini gari lilikuwa limezimwa, boneti baridi. Kimluzi kilikuwa cha mtoto wake.

Ilipita. Inhela ilimsaidia. Mwanatumu alikaa kwenye ngazi ya mlango, akafuta midomo kwa upande wa leso, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Baba," akasema, "nikibanwa mie, gari hili litanifikisha?"

Kingi alimtazama mtoto, akalitazama gari. Usiku ule hakulala usingizi wa maana. Asubuhi alimpigia simu bosi wake akasema ana shughuli ya mke wake, na bosi, ambaye alikuja mazikoni, akamwambia haya, mzee, nisalimie.

Kyalo alipomwona tu alifahamu, akaenda kuileta ile paipu ya chuma. Alikuwa amekwisha kuikata tangu siku ya kwanza, akaiweka kwenye rafu pamoja na viatu vya watu. Kingi akamwomba amngoje kidogo. Akaketi usukani, akawasha, akakanyaga. Gari likaduwaa.

"Vuta, mama," akasema. "Vuta kabisa. Ni kwa ajili ya mtoto, si kwamba nimekuchoka. Wallahi sijakuchoka."

Akakanyaga tena, akaachia, akakanyaga. Kyalo aliwapa mgongo, akawa anapanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mwishowe Kingi akazima gari, akashuka, akasema, "Fungua."

Ile paipu ya mpira ilitoka kwa shida. Ilikuwa imefura, nayo ilikuwa nzito kuliko mpira wowote wa ukubwa wake. Kyalo aliishika mikononi akaipima, kisha kabla haijalegea aliziba huku na huku kwa viraka vya mpira wa baiskeli, akafunga kwa waya. "Isije ikamwagika," akasema. Akaifunga kwenye gazeti, akampa mwenyewe. Kingi akaiweka chini ya kiti cha mbele, mahali pa Mejumaa.

Kurudi, gari lilikwenda. Ukigusa mafuta, limekwishaondoka. Pale Makupa liliyapita malori yote kama limeachiliwa kamba, na Kingi, aliyekuwa amezoea kungoja, kila mara alijikuta akishusha pumzi mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuivuta. Nyumbani Mwanatumu alilizunguka gari, akakigonga kidashi. Hakikumjibu mtu. "Pole, Baba," akasema.

Siku iliyofuatia Idi, Mwanatumu alibanwa. Ilikuwa alasiri, amesimama juu ya sufuria ya mchuzi. Kingi hakusubiri inhela imalize kushindwa. Alimbeba, akamketisha mbele, akawasha, na vichochoro vya Kuze vikapita mara hiyo, watu wakijibana kutani bila kuambiwa. Ndia Kuu alikanyaga, na gari, kama Kyalo alivyoahidi, halikumchelewesha hata kufumba jicho. Liliruka, likanyooka, likafika mbele ya Ngome ya Yesu katika muda ambao zamani lingekuwa bado laduwaa.

Askari alikuwa amesimama katikati ya barabara, mkono juu.

Hakuwa yule wa kwanza. Alikuwa mwingine, kijana, mwenye glavu nyeupe. Waongoza watalii na wauza vinyago walikuwa wamepangwa kando ya ukuta na kuambiwa wapunge mikono. Kingi akashusha kioo.

"Afande, mtoto wangu hapati pumzi."

Kijana akainama, akatazama. "Pole sana, mzee. Mkubwa anapita. Zima gari."

"Hospitali ni hapo tu."

"Naijua. Zima gari, mzee, utaniponza."

Kingi akazima. Lile gari lenye nguvu, lisilo na kasoro, likasimama nyuma ya mkono wa mtu mmoja. Pikipiki zikapita. Mwanatumu alikuwa amekishika kidashi kwa mikono yote miwili, kucha zinageuka rangi. Inhela ilitoa sauti kavu, haina kitu. Kingi aliita jina la Mungu, akaita jina la mkewe, hakujua ameanza na lipi.

Chini ya kiti kitu kiligonga. Kiligonga tena, kwa subira, jinsi mtu agongavyo mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kingi akainama, akaivuta ile paipu, akachana gazeti. Ilikuwa imefura kuliko alivyoiacha. Waya ulimkata vidole akiufungua. Akautoa mpira wa upande mmoja, na garini mote kukaingia harufu ya iliki, na samli, na udi, na upepo wa Mama Ngina wa jioni zote zile.

Mwanatumu aliiweka mdomoni, akavuta.

Ilikuwa hewa ya miezi. Kila asubuhi ya Ndia Kuu, kila alasiri pale kiwanjani majirani wakianua nguo, Mejumaa alikuwa akivuta na kuweka, wala hakuitumia hata kidogo. Mwanatumu alivuta, na kifua chake kikafunguka kidogo. Akavuta tena. Magari meusi yalikuwa yakipita, watu wakipunga mikono. Kingi aliishika paipu upande wa pili, akaisikia mkononi ikipungua, ikilegea. Alijua kinachotumika ni nini. Alitaka kusema bakisha kidogo, akaona haya.

Ikaja ile nafasi tupu. Mwanatumu alikuwa bado avuta. Yakaja magari meusi mengine. Mkono wa askari uliposhuka, paipu ilikuwa mpira mtupu, mwembamba, baridi. Mtoto alikuwa akipumua.

Askari aliinama dirishani. "Naona amepata nafuu," akasema.

"Amepata."

"Mungu ni mwema. Haya, pita, mzee, pita."

Hospitali daktari alimsikiliza Mwanatumu kifua mbele na nyuma, akauliza amepewa nini njiani. Kingi akasema amepewa pumzi ya mamake. Daktari aliitikia kwa kichwa polepole. "Wengine huwekewa," akasema. "Wengi hawana wa kuwawekea." Akampa dawa, akamwambia aepuke moshi wa jikoni, jambo ambalo mpishi wa arusi hawezi kuliepuka, na wote watatu walilijua.

Wiki ile ile Kingi alikwenda Kibarani, ile paipu kwapani.

"Gari lina shida?" akauliza Kyalo.

"Halina. Nataka liduwae tena."

Kyalo aliichukua paipu, akaiweka sikioni, akakaa nayo muda mrefu. Akaigeuza, akautoa mpira uliobaki, akasikiliza upande wa pili. Kisha akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mzee Kingi, kuchelewesha naweza," akasema. "Natoboa tundu dogo hapa, hewa inavuja, gari linachelewa. Lakini kutakuwa ni kuchelewa tu."

Kingi alitazama maji. "Basi liwache," akasema.

Mwanatumu yuapika, masufuria yafika kwa wakati, na watu wa Kibokoni wamesahau. Asubuhi Kingi hutokea Ndia Kuu na kukanyaga, na gari huondoka mara hiyo. Bado hushusha pumzi pale pale, ajizuie asijizuie. Muuza kahawa ameacha kuuliza, humimina tu. Ile paipu iko chini ya kiti, ndani ya gazeti jipya, kwa sababu hakuna aliyeweza kuitupa.

Juzi, kabla ya magharibi, alikuwa akitoka kuchukua masufuria Kizingo, na mbele ya Ngome askari aliinua mkono. Kingi akazima gari, kama wenzake. Wauza vinyago wakapangwa kando ya ukuta. Kwenye kioo aliona tuktuk nyuma yake, na ndani yake kijana aliyevaa sare ya kazi amempakata mama mtu mzima. Mama yule alikuwa ametupa buibui nyuma ya mabega, mdomo wazi, na Kingi alikisikia kimluzi kutoka pale alipokuwa, kupitia kioo kilichofungwa na ving'ora vya pikipiki.

Alishuka. Aliichukua paipu chini ya kiti, akaenda nayo, akampa yule kijana upande mmoja. Kijana hakuuliza ni nini. Aliuweka mdomoni mwa mamake, akauzungushia kiganja ili hewa isipotee. Paipu ilikuwa tupu, Kingi alijua ilikuwa tupu. Alipiga magoti kwenye lami, akauweka upande wa pili mdomoni mwake, akapuliza.

"Mzee, rudi garini," askari akaita.

Magari meusi yalipita. Kingi akavuta pumzi, akapuliza. Kisha ikaja ile nafasi tupu, barabara nyeupe mpaka mwisho, haina gari wala mtu, na askari mkono wake bado uko juu. Kingi akapuliza tena.